Uliza Mama wa Mlimani: Kenya au Tanzania, niende wapi kutembea?

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza swali moja kwa maneno tofauti: mtu mwenye likizo fupi na hamu ya kutembea porini, milimani au baharini aende Kenya au Tanzania? Mimi ni mzaliwa wa Rombo, upande wa Rongai, ambako mlima uko mgongoni kwako na soko la Loitokitok liko mbele yako, ng'ambo ya mpaka. Nilianza kwa kubeba mizigo Kilimanjaro, nikasomea kazi ya kuongoza wageni, kisha ndoa ikanihamishia Nanyuki, ambako hadi leo napandisha watu Mlima Kenya. Sina nchi ninayoipigia debe. Maoni ninayo, tena makali, na nitayatoa.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu ni walimu huku Kakamega. Tuna wiki moja mwezi wa nane na akiba ya safari moja ya maana. Yeye anataka Kilimanjaro kwa sababu ndio mkubwa. Mimi naona Mlima Kenya uko karibu. Hatujawahi kupanda mlima wowote. Tuamue vipi? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwezi wa nane ni mzuri kwa milima yote miwili, kwa kuwa masika yamekwisha na vuli bado, kwa hiyo hali ya hewa haitawaamulia. Kitakachowaamulia ni siku mlizonazo.

Kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Pale juu, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya hewa safi unayoipata Mombasa ufukweni. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini unataka siku, na siku hizo hazipunguzwi kwa nguvu za miguu wala kwa maombi. Kwa njia ya Marangu utauziwa safari ya siku tano. Unalala kambi ya Mandara, mita 2,720, kesho yake Horombo, mita 3,720, kesho kutwa Kibo, mita 4,720, na usiku huohuo wa Kibo, karibu saa sita, unaamshwa uanze kupanda. Ni karibu mita 1,200 za kokoto na baridi kali gizani, kisha mchana huohuo unashuka hadi Horombo. Nimewashusha vijana wenye vifua vya wanariadha wakitapika njia nzima, na nimewafikisha kileleni akina mama wanene waliotembea taratibu na kulala Horombo usiku wa pili. Mkiwa na wiki moja, toeni siku ya kwenda Moshi, toeni ya kurudi Kakamega. Zinabaki tano, na hizo tano ndizo ninazozikataa.

Sasa hesabuni Mlima Kenya. Watembezi hulenga kilele cha Lenana, mita 4,985. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni majabali ya kupandwa kwa kamba na watu waliofundishwa; wasiwadanganye mtandaoni kwamba mtafika huko kwa matembezi. Ingieni kwa lango la Sirimon, karibu na hapa Nanyuki. Usiku wa kwanza mnalala Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili ni bonde refu lenye miti ya senesio iliyosimama kila mmoja kivyake na pimbi wanaota jua juu ya mawe, hadi kambi ya Shipton, mita 4,200. Hapo mlale siku mbili. Mwongozaji akiwaambia usiku mmoja unatosha, mwambieni mama wa Nanyuki amesema mbili. Kutoka Shipton hadi Lenana ni chini ya mita 800, na mkiondoka saa tisa usiku mnafika wakati jua linachomoza.

Na kushuka, shukeni kwa Chogoria. Hapa nasema kwa upendeleo kabisa: katika nchi hizi mbili sijui njia ya mlimani iliyo nzuri kuliko hiyo. Unapita juu ya bonde la Gorges, kuta za mawe zikishuka moja kwa moja hadi ziwa Michaelson lililojificha chini, kisha nyika ya majani ya dhahabu, kisha mianzi, kisha msitu. Kilimanjaro ina ukubwa wake, ina barafu yake na ule mwinuko wa peke yake juu ya tambarare, na nimeupenda tangu utoto. Lakini siku nyingi za Kilimanjaro mtembezi anaangalia visigino vya aliye mbele yake. Chogoria utasimama kila baada ya hatua kumi.

Kwa kuwa mko Kakamega, kabla ya Agosti nendeni Mlima Elgon wikendi moja. Piteni Kitale na Endebess, muingie kwa lango la Chorlim. Yaoneni mapango ya Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa meno, kisha siku ya pili mpande Koitoboss, mita 4,222. Hapo mtajua kama kichwa kinauma, kama viatu vinabana, na kama mume wako ni mtu wa kutembea pole pole au wa kushindana. Hilo la mwisho lijueni mapema.

Kilimanjaro itawangoja. Mkipata siku tisa au kumi siku moja, nendeni kwa njia ya Lemosho, siku nane mlimani, nami nitawatakia heri kwa moyo wote.

SWALI: Mambo mama! Nasoma chuo Mwanza, pesa sina ila nguvu ninazo. Marafiki zangu wa Nairobi kila wikendi wanapiga picha wakiwa mlimani au juu ya baiskeli katikati ya pundamilia. Mbona huku kwetu kila kitu ni safari ya mamilioni? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Umeona kitu cha kweli. Kenya ina sehemu nyingi za kwenda asubuhi na kurudi jioni, tena kwa matatu. Longonot iko kando ya barabara ya Naivasha. Unapanda hadi ukingo wa kreta, unauzunguka wote, zaidi ya kilomita saba, unafika kilele cha mita 2,776, na jioni unakula ugali wako Nairobi. Hell's Gate, hukohuko Naivasha, unakodi baiskeli karibu na lango, unapita peke yako kati ya pundamilia, swala na twiga. Hifadhi za Tanzania za namna hiyo ni chache, na zile zenye jina zimepangwa kwa mgeni wa gari na hema. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu watoto wa Rombo wengi hawajawahi kulala Mandara, ilhali wanaiona njia yake kutoka shuleni.

Lakini usianze na Nairobi. Una kisiwa cha Saanane hapo ulipo, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ya kutembea kwa miguu juu ya mawe yale yale makubwa unayoyaona kila siku ukienda darasani. Ukipata likizo ndefu, panda basi hadi Lushoto. Milima ya Usambara inatembeka kijiji kwa kijiji, siku moja au nne, kwa mwongozaji wa hapohapo, na unalala kwa watu au katika nyumba za kanisa. Mtae, ukingo ambako milima inaishia ghafla na tambarare la Mkomazi linaanza chini yako, ni mahali pa kufika jioni. Au nenda Mang'ula, chini ya Udzungwa. Maporomoko ya Sanje yanashuka kama mita 170 ndani ya msitu, na unaoga kwenye mabwawa yake. Hayo yote hayahitaji gari la kukodi.

Ukienda Naivasha, pita Sirari, Kisii na Narok. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na useme wazi getini kwamba wewe ni raia wa Afrika Mashariki, kwa maana kiingilio cha mgeni wa mbali ni kikubwa kuliko chako. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo beba chupa yako ya kudumu. Na lile korongo la Ol Njorowa ndani ya Hell's Gate, usiingie ukiona wingu lolote, hata kama mvua iko mbali huko juu. Maji hushuka kwa ghafla, na yameua watu waliokuwa wakitembea chini bila tone moja la mvua kuwagusa. Askari akisema limefungwa, limefungwa.

SWALI: Shikamoo bibie. Nimepanda vilima vya kutosha. Nataka safari ya kunitia hofu kidogo, ikiwezekana volkano. Kenya ipo au nivuke? (Fundi umeme, Mombasa)

JIBU: Vuka. Ol Doinyo Lengai iko Tanzania, kusini mwa ziwa Natron, na hakuna unaofanana nao. Ni volkano iliyo hai, mita 2,962, na lava yake ni ya aina ya pekee: inatoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari, haina joto kali kama la volkano nyingine, na ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe. Ndiyo maana kwa mbali mtu hudhani kilele kina theluji. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 hadi 2008 na majivu yakafunika malisho ya Wamaasai, ambao kwao mlima huo ni mtakatifu. Upande kwa adabu.

Mnaanza kupanda karibu saa sita usiku, kwa sababu mchana jua la bonde lile linakausha mtu. Hakuna maji njiani, hakuna kambi, hakuna kivuli. Mteremko ni wa majivu yaliyoganda yenye mifereji, na sehemu za juu unapanda kwa mikono na miguu. Kupanda kwenyewe ni kazi ya pumzi. Kushuka ndiko kunakotia hofu uliyoitaka, kwa kuwa kumekucha na sasa unaona ulikopita. Beba lita nne za maji, glovu za kazi (wewe fundi unazo), tochi ya kichwani yenye betri mpya, na fimbo. Chukua mwongozaji Mmaasai wa kijiji cha Engare Sero, anayejua wiki hii kreta inafanya nini. Akisema leo hatupandi, mshukuru, lala, kesho yake nenda ziwani kuwaona heroe. Natron ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana.

Ukikosa nafasi ya kuvuka, Kenya kuna Suswa, kati ya Mai Mahiu na Narok. Haulipuki, lakini una kreta ndani ya kreta na mapango yaliyochimbwa na lava iliyopita chini ya ardhi. Katika pango moja nyani hurudi kulala kila jioni. Wamaasai wa hapo ndio wenye eneo na ndio waongozaji.

SWALI: Mama, sisi kina dada wanne tunaogelea vizuri, milima hatuitaki kabisa. Bahari ya nani ni bora? (Dada wanne, Dodoma)

JIBU: Inategemea pepo. Mkitaka kuvutwa na kishada juu ya maji, Diani ya Kenya na Paje ya Zanzibar zote zinafaa, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na wakati wa kusi, Juni hadi Septemba. Paje maji ni mafupi kwa mbali sana, anayejifunza anasimama, ningeanzia huko. Kuangalia matumbawe kwa miwani ya maji, Watamu, upande wa Kenya, ni rahisi na si mbali na pwani, na eneo hilo linalindwa tangu mwaka 1968. Lakini kama mnaogelea kweli kweli, nendeni Mafia kati ya Oktoba na Machi mkaogelee na papa potwe, karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na anakula vijidudu vya baharini na samaki wadogo. Msimguse, msimkate njia, na mkatae boti ya nahodha anayemfukuza. Mkitaka maji yenye kelele, Kenya inaizidi Tanzania waziwazi: mto Tana pale Sagana, kwa boti la mpira, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Nairobi.

SWALI: Tunaweza kuwafuata nyumbu kwa gari letu kutoka Masai Mara tukaingia Serengeti moja kwa moja? (Msomaji, Narok)

JIBU: Hapana. Nyumbu wanavuka, nyinyi hamvuki. Itawabidi mzunguke hadi Isebania na Sirari, au Namanga, na gari la utalii lenye namba za Kenya haliruhusiwi kuwazungusha wageni ndani ya hifadhi za Tanzania. Chagueni upande mmoja. Julai hadi Oktoba mto Mara una vivuko pande zote mbili. Januari hadi Machi wanazaa kusini mwa Serengeti, maeneo ya Ndutu.

SWALI: Habari za kazi dada. Tumekusanya pesa ya Kilimanjaro, watu sita kutoka kanisani kwetu. Tumepata bei tatu, na moja iko chini sana kuliko nyingine. Mchungaji anasema tuchukue hiyo, mlima ni uleule. (Katibu wa kikundi, Nairobi)

JIBU: Nzuri, ndugu katibu. Mlima ni uleule, ila mtu wa kuwabebea anaweza kulala njaa ili bei yenu ishuke.

Ada za hifadhi ni zilezile kwa kila kampuni. Chakula cha wageni hakipunguzwi, kwa sababu mgeni atalalamika. Basi panapobaki pa kukatwa ni kwa wagumu, ndivyo tunavyowaita wabeba mizigo Kilimanjaro. Kikundi cha watu sita kitafuatana na wagumu, wapishi na waongozaji wengi kuwazidi nyinyi mara mbili au tatu. Nimekuwa mmoja wao. Najua mtu anavyolala kwenye hema la kulia baada ya wageni kumaliza chakula, akisubiri waondoke ili apate pa kujinyoosha. Najua uji mmoja kwa siku kwenye mwinuko wa mita 4,000. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilitulipa tukiwa tumeshashuka, na pungufu, na aliyeuliza hakuitwa tena.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, waulizeni wote watatu maswali haya na muandikiwe majibu. Mgumu analipwa kiasi gani kwa siku, na analipwa lini? Anakula mara ngapi? Analala kwenye hema gani? Mzigo wake hauzidi kilo 20? Mizigo hupimwa getini, nanyi simameni karibu na mzani inapopimwa, mtazame, kwa maana wako wanaoongeza mzigo baada ya kona ya kwanza. Nani anakagua viatu na makoti yao kabla ya kuondoka? Kampuni inayowajali watu wake itajibu palepale, tena kwa furaha. Inayosema "hayo tuachieni sisi", iacheni.

Mlimani, jifunzeni majina. Siku ya mwisho, tipu msimpe mtu mmoja akagawe. Semeni kiasi cha kila mtu mbele ya wote, kisha mpeni kila mmoja mkononi. Mtaambiwa si desturi. Fanyeni hivyo hivyo.

Kwa upande wa Mlima Kenya, vikundi ni vidogo na watu wengi hubeba sehemu ya mizigo yao, lakini maswali ni hayohayo. Baridi ya Shipton haijui mpaka.

Tena mwambieni mchungaji, kwa heshima, kwamba watu waliopandisha mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, na bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya, Desemba 1963, tunawakumbuka kina Alexander Nyirenda na Kisoi Munyao. Wabebaji hawakumbukwi. Kikundi chenu kinaweza kurekebisha hilo kidogo kwa safari moja.

SWALI: Mwanangu, nina miaka sitini na miwili na magoti yangu si ya jana. Wajukuu wananiambia mlima si wangu tena. Kuna pa kufika kwa siku moja? (Bibi, Dar es Salaam)

JIBU: Shikamoo bibi. Papo, tena pazuri. Lala Marangu mjini, asubuhi uingie getini na utembee hadi Mandara. Ni kilomita nane hivi ndani ya msitu, mbega juu ya matawi, kijito pembeni, njia imetengenezwa na haina majabali ya kuparamia. Watu wengi huchukua saa tatu. Wewe chukua nne au tano. Ukifika na nguvu zipo, kreta ya Maundi iko mwendo wa robo saa mbele, na siku ya mawingu machache unakiona kilele cha Kibo na tambarare la Kenya kwa pamoja.

Upande wa Kenya, Naro Moru kuna barabara hadi kituo cha Met, mita 3,050. Mwombe dereva akufikishe nusu ya njia na utembee iliyobaki. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mandara, hivyo kama una presha muone daktari kwanza, na ukisikia kichwa kinakaza usisubiri, shuka. Pande zote mbili chukua fimbo mbili, moja kila mkono, kwa sababu magoti huumia kwenye kushuka. Anza kushuka saa nane mchana ili giza lisikukute msituni, na wajukuu wabebe maji.